Kimeng'enya Kisichomeng'enya: Uhakiki wa Istilahi za Ganda la Yai la Kichocho, kwa Kurejelea Mialo ya Ilemela

Sehemu hii inahakiki istilahi *kimeng'enya* pamoja na maneno yanayoandamana nayo katika maelezo ya Kiswahili kuhusu minyoo bapa, hususani mnyoo wa kichocho cha tumbo, *Schistosoma mansoni*, ambao katika Mkoa wa Mwanza umeenea zaidi kandokando ya Ziwa Victoria. Hoja inayotetewa ni kwamba istilahi hiyo, ambayo husifiwa kwa uangavu wake, humpeleka msomaji upande usio wake pale ambapo kazi ya kimeng'enya ni kujenga na kukakamaza badala ya kuvunja. Matokeo yake ni kwamba maelezo ya ugonjwa yamebaki bila kitenzi cha tendo linaloufanya kichocho kiwe ugonjwa wa ini na si tatizo la minyoo tu. Mifano imechukuliwa Ilemela, manispaa iliyotokana na kugawanywa kwa Jiji la Mwanza mwaka 2012, kwa sababu kata zake za ziwani, kama vile Kirumba, Bugogwa, Sangabuye na Kayenze, zina wasomaji na wasikilizaji wanaoyahitaji maelezo hayo kwa maisha yao wenyewe.

Ganda linavyokuwa gumu

Mhakiki wa istilahi asiyekijua kitu huishia kuhakiki sauti. Kwa hiyo ni lazima kitu chenyewe kielezwe kwanza.

Mnyoo jike wa *Schistosoma mansoni* huishi ndani ya mishipa ya damu inayozunguka utumbo na hutaga takriban mayai 300 kwa siku. Sehemu ya mayai hayo hupenya ukuta wa utumbo na kutoka na haja kubwa. Yanayobaki, ambayo hukadiriwa kuwa karibu nusu, hukwama katika ukuta wa utumbo au huchukuliwa na damu mpaka kwenye ini. Kila yai lina urefu wa takriban sehemu ya saba ya milimita na mwiba ubavuni. Ganda lake halikutengenezwa kwa chokaa kama la yai la kuku. Ni ganda la protini.

Protini hizo huandaliwa katika seli za kiini zinazolizunguka yai linapoundwa, nazo zina asidi amino iitwayo tairosini kwa wingi. Hapo ndipo tairosinesi inapofanya kazi. Hii ni enzaimu yenye madini ya shaba: huigeuza tairosini kuwa dopa, kisha dopa kuwa kwinoni, na kwinoni haitulii mpaka imeshikamana na protini iliyo jirani. Protini moja ikifungwa na ya pili, na ya pili na ya tatu, kilichokuwa laini hukakamaa na kupata rangi ya manjano inayoelekea kahawia. Katika mchakato huo hakuna kilichokauka, na hakuna kilichovunjwavunjwa.

Kundi hili la enzaimu si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kumenya ndizi mbichi au kukata biringanya na kuona nyama yake ikigeuka nyeusi kabla sufuria haijapata moto. Majani ya chai hugeuka rangi kiwandani kwa njia ya jinsi hiyo. Ngozi ya binadamu nayo hupata weusi wake kwa tairosinesi. Na mende, ambaye hahitaji kutambulishwa kwa msomaji wa Kiswahili, hutoa kifuko cha mayai kikiwa cheupe na laini, kisha kikawa cha kahawia na kigumu. Ni kifuko hicho cha mende alichokichunguza Pryor mwaka 1940, naye akaazima lugha ya watengeneza ngozi ili kueleza ugumu wake. Mwaka 1959 Smyth na Clegg walijadili uundaji wa maganda ya mayai ya minyoo bapa kwa mkabala huohuo, na mwaka 2007 Fitzpatrick na wenzake wakaonesha kwamba *Schistosoma mansoni* ana tairosinesi mbili, na kwamba kuzizuia hupunguza utagaji wa mayai. Kizuizi kimojawapo walichokitumia kilikuwa asidi ya koji, ambayo hutiwa pia katika baadhi ya krimu za kung'arisha ngozi. Mfano huu unavutia, lakini mwalimu wa afya angefanya vyema kuutumia kwa uangalifu: ukisemwa nusu, atatokea mtu wa kudhani kwamba mkorogo ni dawa ya kichocho.

Ganda likishakakamaa lina vinyweleo vidogo sana. Kupitia humo kiluwiluwi aliye ndani hutoa kemikali mbalimbali, zikiwamo enzaimu zinazoyeyusha protini na kulisaidia yai kupenya tishu. Askari wa kinga wa mwili hulizunguka yai, kinundu kikatokea, na baada ya vinundu vingi na miaka mingi makovu huizingira mishipa mikubwa ya ini. Damu ikikosa njia hutafuta nyingine, bandama huvimba, na mgonjwa anaweza kutapika damu. Kiluwiluwi hufa baada ya majuma machache, ilhali ganda linaweza kubaki katika tishu kwa muda mrefu, pengine likiwa limejaa chokaa.

Uangavu unaopotosha

*Kimeng'enya* kimeundwa kwa mzizi wa kitenzi *meng'enya*, yaani kuvunjavunja kitu kikawa vipande vidogo. Katika masomo ya sayansi shuleni neno linalotoka katika mzizi huohuo, *mmeng'enyo*, ndilo la kueleza yanayoukuta ugali ukishamezwa. Kwa kuwa enzaimu za kwanza anazokutana nazo mwanafunzi ni za mate na za tumbo, istilahi ilionekana kumfaa kama kiatu kilichopimwa mguu. Tukiipima kwa vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, ambavyo tasnifu nyingi za istilahi huvitumia, inapata alama nzuri: ni fupi, inazalishika, haina matusi, inakubalika, na zaidi ya yote ni angavu.

Tatizo liko hapo kwenye uangavu. Kigezo hicho kimezoeleka kusomwa kana kwamba swali lake ni moja tu: je, mzungumzaji ataona maana ndani ya neno? Swali la pili huachwa: je, maana atakayoiona ni ya kitu kinachotajwa? *Kimeng'enya* ni angavu kwa enzaimu ya tumbo. Kwa tairosinesi ni angavu pia, ila kinachoonekana ni kinyume cha kinachotokea. Istilahi isiyo angavu kabisa, mathalani *enzaimu*, humwacha msomaji akiuliza maana yake. Istilahi yenye uangavu wa uongo humwondolea haja ya kuuliza, na kwa maoni ya mtafiti hasara hiyo ni kubwa kuliko ya kwanza.

Yai la kichocho linalidhihirisha jambo hili kuliko mfano mwingine wowote uliotumika katika utafiti huu, kwa kuwa katika yai hilohilo kuna enzaimu za aina mbili zinazofanya kazi zinazopingana. Moja inafunga protini za ganda. Nyingine inayeyusha protini za mwili wa mgonjwa ili yai lipite. Mwandishi akiandika kwamba *vimeng'enya vya yai huchangia ugonjwa*, sentensi yake ni sahihi kisarufi na kisayansi, lakini msomaji ataifahamu nusu: ataiona ile inayoyeyusha, na ganda litabaki kuwa kitu kilichokuwako tu, kama jiwe la ufukweni ambalo hakuna anayeuliza lilipataje kuwa gumu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Inaweza kusemwa kwamba maana ya mzizi hufifia kwa matumizi. Neno *ndege* halimfanyi abiria wa uwanja wa Mwanza, ambao nao uko Ilemela, atarajie mabawa yenye manyoya. Hilo ni kweli, lakini abiria anaiona ndege. Neno na kitu viko mbele yake pamoja, na kitu kinalisahihisha neno. Enzaimu haionekani na mvuvi wa Igombe, wala na muuguzi anayemhudumia, wala mara nyingi na mwandishi wa kipeperushi. Kwao wote neno ndilo dirisha pekee, na dirisha lenye kioo cha rangi hupaka rangi kila kinachotazamwa.

Mbadala wa karibu ungekuwa *kichocheo*, ambacho katika kemia tayari hutumika kwa kitu kinachoharakisha badiliko bila chenyewe kuisha. Kimaana ni neno bora zaidi: anayechochea moto haulizwi kama moto unaunguza au unapika. Bahati mbaya, katika mada hii hasa linagongana na jina la ugonjwa. *Kichocheo cha kichocho* ni tungo inayofaa vitendawili kuliko redio, na msikilizaji mwenye haraka angeweza kusikia neno moja lililorudiwa. Pendekezo la mtafiti kwa maandishi ya kitaaluma ni kwamba *kimeng'enya* kibaki kwa enzaimu za kuvunja, na *enzaimu* litumike kama jina la jumla. Kukopa huku kuna faida ya kimfumo pia, kwa kuwa majina kama tairosinesi, lipesi na amailesi yanakwisha kwa kiambishi kilekile, na mwanafunzi anayekitambua hulitambua kundi zima.

Kifuko, kivimbe, gamba

Hali ni mbaya zaidi kwa mnyoo bapa wa ini la ng'ombe, *Fasciola gigantica*. Kiluwiluwi wake hutoka kwa konokono, hujishikiza kwenye majani ya majini, kisha hujijengea ukuta na kungoja kuliwa na mnyama. Ukuta huo ulichunguzwa kwa undani na Dixon katika miaka ya 1960 kwa jamaa yake wa nchi za baridi, *Fasciola hepatica*. Alieleza matabaka manne: la nje ni la protini iliyokakamazwa kwa njia inayofanana na ya ganda la yai, na la ndani kabisa ni la keratini, yaani jamii moja na kucha na pembe.

Kiswahili kinauitaje ukuta huo? *Kivimbe* hutumika hospitalini kwa uvimbe wenye maji, na humfanya msomaji autafute ndani ya mwili wa ng'ombe, ilhali uko kwenye nyasi kabla ya ng'ombe kuinamisha kichwa. *Kifuko* kinaonesha kwamba kuna kitu ndani, lakini mfuko kwa desturi ni laini na hufunguliwa. *Gamba* linatoa ugumu na linatoa kinga, na mfugaji analijua kwa kobe. Kasoro yake ni kwamba mwaloni Kirumba gamba ni la samaki na huparuliwa kwa kisu, hivyo ni kitu cha juu ya ngozi na si chumba cha kujifungia. Hata hivyo mtafiti analichagua. Kasoro ya gamba hurekebishwa kwa kuongeza neno moja, *gamba la kujifungia*, lakini kasoro ya kivimbe haina dawa.

Kitenzi kilichokosekana

Maelezo ya kichocho yanayotolewa shuleni na wakati wa kampeni za ugawaji dawa hufuata mkondo unaojulikana: maji, konokono, ngozi, mnyoo, mayai, choo, dawa. Ni mkondo mzuri wa kinga na hakuna sababu ya kuubeza. Yai limo ndani yake, lakini kama kituo cha safari ya mnyoo tu. Likielezwa zaidi, huelezwa kwa sifa, *gumu* au *lenye mwiba*. Sifa haina mtendaji. Ili ganda liwe tukio linahitaji kitenzi, na utafutaji wa kitenzi hicho unaonesha kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno. Kina mengi, na kila moja lina jirani wa kuchunga.

*Kukauka* ndilo linalokuja kwanza mdomoni, na ndilo lisilofaa kabisa: ganda hukakamaa likiwa ndani ya mnyoo, ndani ya damu, mahali ambapo hakuna kinachokauka. Tena kilichokauka hulainika kikiloweshwa, kama dagaa wa jana, ilhali ganda hili halilainiki kwa maji. *Kuganda* lina mkanganyo wa kimofolojia, kwa kuwa jina na kitenzi vinafanana: *ganda linaganda* ni sentensi inayomchekesha msomaji kabla ya kumfundisha. Juu ya hayo, kilichoganda huyeyuka. *Kukaza* lingekuwa zuri sana, maana lina picha ya kamba na fundo, na kinachofanyika kikemia ni kufunga protini moja na nyingine. Lakini kauli yake ya kutendwa ina maana ya matusi katika lugha ya mitaani, na kigezo cha kutokuwa na matusi hakikuwekwa kwa ajili ya wazee pekee. Mbele ya darasa la watoto waliopangwa kumeza vidonge, neno moja linaloleta kicheko linatosha kupoteza somo.

*Kusindika* linahitaji maelezo zaidi. Kwa kuwa wanasayansi wenyewe waliazima istilahi ya watengeneza ngozi, ingekuwa haki Kiswahili kifuate njia hiyohiyo. Mwanza ilikuwa na kiwanda cha ngozi cha umma, sambamba na vile vya Moshi na Morogoro. Magome ya miwati ya Njombe hutoa kemikali ya kukakamaza ngozi mpaka leo. Mfano upo, tena wa nyumbani. Hata hivyo neno *kusindika* limehamia kwingine. Katika mialo ya Ilemela, kusindika ni kwa samaki: ni sangara aliyekatwa minofu, akagandishwa na kupakiwa kwenda ng'ambo. Mtu akiambiwa kwamba protini za ganda *zimesindikwa*, picha itakayomjia ni ya baridi na kisu. Mfano wa ngozi unafaa kuelezwa kwa sentensi nzima, ila usibanwe ndani ya kitenzi hicho.

Linabaki *kukakamaa*, na kauli yake ya kutendesha *kukakamaza*. Linatumika kwa misuli, kwa maiti, kwa ngozi mbichi iliyoachwa juani. Halidai maji yatoke, halidai baridi, na linakubali mtendaji: *enzaimu hukakamaza ganda*. Udhaifu wake ni nomino *ukakamavu*, ambayo sasa ni sifa ya askari na mwanamichezo. Kwa hiyo katika nomino ni afadhali kusema *kukakamaa kwa ganda*, ingawa ni kurefu.

Jambo hili linabadilisha nini kwa mgonjwa

Praziquantel hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na shuleni mara nyingi kipimo hukadiriwa kwa fimbo ya kupimia urefu. Dawa hii huua minyoo pevu. Haiyaondoi mayai yaliyokwishakwama. Mtu aliyeishi miaka mingi akivua na kufua ziwani anaweza basi kumeza dawa yote, minyoo yake ikafa, na bado tumbo na ini vikaendelea kumsumbua, kwa kuwa makovu yapo na maganda yapo. Maelezo yasiyo na ganda hayana namna ya kumjibu. Yanamwachia hitimisho moja pekee, kwamba dawa haifanyi kazi, na mtu aliyefika hapo ana sababu ya kuikataa mwaka unaofuata, ingawa kila mwaka anaokunywa unapunguza mayai mapya.

Kiswahili kina neno la kumjibu, nalo ni la zamani: *kaka*, ganda lililobaki baada ya yai kutokuwa na kitu. Kusema kwamba *dawa imeua mnyoo, lakini makaka ya mayai yake bado yamo inini* ni kusema ukweli wa kitabibu kwa lugha ya jikoni, bila istilahi hata moja ya kuundwa. Mtafiti hakulikuta neno hili katika maandishi ya kichocho aliyoyapitia, na anaona kutokuwapo kwake kunasema jambo kuhusu namna tunavyotafuta maneno ya sayansi: tunakwenda moja kwa moja kwenye karakana ya uundaji kabla ya kufungua ghala.

Suala hili linagusa pia fomu za ridhaa. Utafiti wa kichocho huhitaji kinyesi, na kipimo cha Kato-Katz, chenye sampuli ya miligramu 41.7, husomwa kwa kuhesabu mayai ambayo ganda lake ndilo linaloyafanya yatambulike chini ya hadubini. Utafiti ukihusu enzaimu za ganda, na fomu ikaandika kwamba *tunachunguza vimeng'enya katika kinyesi chako*, mshiriki atafahamu kwamba kinachochunguzwa ni namna tumbo lake linavyosaga chakula. Ataweka sahihi au dole gumba kwa utafiti ambao haupo. Kisheria fomu itakuwa imekamilika. Kilugha haijaombwa ridhaa yoyote. Sentensi kama hii ingetosha: *Mnyoo wa kichocho hukakamaza maganda ya mayai yake kwa kutumia enzaimu, tunataka kujua namna ya kuizuia ili mayai yasiundike vizuri.* Ina neno moja la kukopa, na neno hilo limezungukwa na kitenzi kinacholieleza.

Kuhusu *kaka*, tahadhari moja ya matumizi inafaa kuongezwa. Katika maandishi neno hili halina utata mkubwa, lakini likisemwa kwa sauti, hasa kwa umoja, huweza kusikika kama ndugu wa kiume. Kwa matangazo ya redio na mikutano ya mwaloni litamkwe daima pamoja na kijalizo chake, *kaka la yai*, *makaka ya mayai*, hata pale ambapo sentensi iliyotangulia imekwisha kulitaja yai.